Feri Bure, Saa Je?

Asalamu alaikum dada zangu, na nyinyi kaka wawili mliojificha pale nyuma, karibuni. Leo twazungumza bei ya kazi ya kuitwa nyumbani kwa watu, hina na singo; kinyozi wa kuitwa nyumbani naye yamhusu yaya haya.

Mwaka wangu wa kwanza niliitwa Mtongwe kumpaka hina bibi harusi. Nikataja 1,500, bei niliyokuwa nikitoza nyumbani kwangu Majengo, kisiwani Mombasa. Tuktuk hadi kivuko cha Likoni, nikavuka feri bure kama kila mwenda kwa miguu, kule nikapanda boda. Kwenda na kurudi, 500. Unga wa hina, mafuta ya mikaratusi na koni za kuchorea, 400. Zikabaki 600. Sasa hesabuni saa: nne za kuchora, mbili za njiani. Shilingi 100 kwa saa! Na mgongo juu yake.

Siku hizi saa yangu ni 300, na huanza kuhesabiwa nikifunga mlango wangu. Kazi ile ile ya Mtongwe ni 2,700: saa sita, nauli na vifaa. Mtaambiwa, “Ah shoga, kwani watumia nini? Si majani tu?” Usibishane. Mwambie, “Njoo wewe kwangu, nitakupaka kwa 1,600.” Ile 1,100 ya tofauti ni ya njia, nauli na saa mbili; mkono haukupanda bei. Wengi wakishapiga picha ya foleni ya feri kichwani, watakuita.

Arbuni, nusu, iingie M-Pesa kabla hujaandika tarehe. Hasa Mfunguo Mosi, harusi zikimwagika baada ya Ramadhani. Mimi nimewahi kubisha mlango nikaambiwa, “Ameshapakwa na binamu yake.” Nimebeba mkoba mzima, jua la saa nane.

Kuhusu kujitangaza, punguzo la ufunguzi silipendi. Ukianza na bei ya chini, ukiipandisha utaitwa mwenye tamaa. Afadhali bei ibaki, umuongeze bibi harusi kusingwa mikono, yaani kusuguliwa kwa singo ya manukato. Tena picha: hina ikibanduliwa huwa ya machungwa, hukolea baada ya siku moja au mbili. Wageni wa kazi hupiga picha hapo hapo, wakaweka kwenye hali ya WhatsApp rangi iliyopauka, kisha wakashangaa simu hailii. Muombe dada mtu akutumie siku ya pili. Mikono tu, uso usionekane, na ruhusa uombe hata kwa mikono. Ukisambaza picha ya bibi harusi wa watu bila idhini, mtaa mzima umekufungia mlango.

Usiku huo huo, ukishammaliza bibi harusi, koni zingine zisirudi mkobani. Kuna mashangazi, kuna mawifi. Ua dogo la kiganja, 200. Nauli imeshalipwa, hapo ndipo faida ilipo, na kesho yake mikono hiyo yote itashika sahani za pilau mbele ya watu.

Piko, ile hina nyeusi ya rangi ya nywele, mimi sipaki. Ile dawa inayoitia weusi, PPD, huwatoa wengine malengelenge na makovu. Anayetaka weusi namkosa, basi.

Kopo hili ni singo: waridi, karafuu, liwa. Lipitisheni, mnuse. Kisha kila mmoja aniandikie kwenye karatasi atatoza ngapi akiitwa Bamburi kumsinga mtu mwili mzima, kutoka hapo alipokaa.