Kuporomoka na Kutetemeka: Mhadhara juu ya Mashine Mbili za Kung'arisha Mawe

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Kabla sijaanza, naomba mawe haya mawili yapite mkononi mwa kila mmoja wenu, kuanzia safu ya mbele hadi ya nyuma. Yote mawili ni vipande vya akiki moja niliyoipasua kwa nyundo. Kipande cha kwanza kilikaa katika pipa linalozunguka tangu hatua ya awali hadi ya mwisho. Cha pili hakikuingia humo kabisa, kilishughulikiwa na mashine ya mtetemo peke yake. Vyote viwili vinang'aa, lakini yeyote atakayefumba macho na kuvipapasa atatambua kwamba kimoja kimeviringana kama yai la njiwa, na kingine kina pembe zake zilezile za siku ya nyundo, ila tu hazikwaruzi tena ngozi. Nilichokuja kukieleza leo ni tofauti hiyo na yanayoisababisha.

Mashine ya kwanza ni pipa la mpira au la plastiki lililolazwa juu ya fito mbili za chuma. Mota huzungusha fito kwa mkanda, nazo fito hulizungusha pipa, ambalo ndani yake mna mawe, maji na unga wa msasa. Watu wanaposikia ngurumo yake hudhani kwamba mawe yanarushwa juu na kugongana, nami nilidhani hivyo kwa muda mrefu. Kumbe yakirushwa, kazi imeharibika. Kinachotakiwa ni ukuta wa pipa uyapandishe mawe upande mmoja mpaka mteremko uwe mkali kiasi cha kutoweza kuyashikilia, kisha safu ya juu iporomoke juu ya zile za chini, kama mchanga unavyoporomoka katika ukingo wa shimo. Ni wakati wa mporomoko huo mfupi ndipo jiwe linaposuguana sawasawa na jiwe jenzake huku chembe za msasa zikiwa katikati yao. Muda uliobaki mawe huwa yanasafiri tu pamoja na pipa, yakingoja zamu yao ya kuporomoka, na hapo ndipo wiki nyingi za mashine hii zinapopotelea.

Kwa kuwa kila kitu kinategemea mporomoko, kasi na kiasi cha mawe si mambo ya kubahatisha. Pipa lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 likizungushwa mara 134 hivi kwa dakika, mawe yaliyo ukutani hubanwa hapo na kuzunguka pamoja nalo bila kuanguka, hata yanapofika juu kabisa. Pipa lenye kipenyo cha sentimita 15 hufikia hali hiyo mapema zaidi, katika mizunguko kama 109. Mashine zilizoundwa vizuri huenda chini sana ya viwango hivyo. Kuhusu ujazo, pipa linapaswa kuwa na mawe kati ya nusu na robo tatu ya nafasi yake, nami hupendelea theluthi mbili. Likijazwa pungufu, kila jiwe huanguka kutoka mbali na kupata nyufa ndogo zenye umbo la hilali, ambazo hazionekani mpaka hatua ya mwisho, jiwe linapoanza kung'aa. Likijazwa kupita kiasi, mawe hukosa mahali pa kuporomokea, na siku saba zinapita bila mabadiliko yoyote.

Unga unaotumika katika hatua za mwanzo ni kabaidi ya silikoni, ambayo Mmarekani Edward Goodrich Acheson aliigundua mwaka 1891. Katika kipimo cha ugumu kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huishia 10 kwenye almasi, unga huu unazidi 9, wakati akiki, yaspi na jamii nzima ya kwatzi ziko karibu na 7. Namba zake zinafuata utaratibu uleule wa msasa wa karatasi anaoujua kila seremala, kwamba namba ikikua chembe zinapungua. Hatua ya kwanza hutumia namba 60 hadi 90, ya pili namba 120 hadi 220, ya tatu namba 500 au karibu yake, na ya mwisho hutumia poda laini sana, kama vile oksidi ya alumini au oksidi ya seriamu. Katika pipa, kila hatua huchukua takriban siku saba, isipokuwa ile ya kwanza, ambayo hurudiwa kwa unga mpya mara mbili, tatu au zaidi mpaka mashimo na nyufa zitoweke. Kalenda haina mamlaka juu ya hatua hiyo, na anayeihama mapema kwa sababu wiki imekwisha atayabeba mashimo yake hadi mwisho, tena yakiwa yamezungukwa na uso unaong'aa na kuyaonyesha vizuri zaidi.

Sasa tazameni jinsi mashine ya pili inavyofanya kazi, kwa maana haina mporomoko wowote. Ni bakuli lililoketi juu ya springi, na chini yake pana mota yenye uzito uliofungwa upande mmoja wa mhimili wake. Uzito huo ukizunguka huivuta mashine huku na huku mara karibu 3,000 kwa dakika, pale ambapo umeme ni wa hezi 50. Kila mwendo ni mdogo mno, lakini mawe yote hupata msuguano kwa wakati mmoja na bila mapumziko, huku lundo zima likijiviringisha taratibu ndani ya bakuli. Hakuna jiwe linalongoja zamu. Kwa hiyo hatua inayochukua wiki katika pipa huchukua siku moja hadi tatu humu.

Mbona basi kipande cha pili cha akiki yangu hakikuviringana, ikiwa kilisuguliwa mfululizo namna hiyo? Jibu liko katika mahali msuguano unapotokea. Jiwe linaloporomoka hujibiringisha, na linapojibiringisha hutanguliza pembe zake. Pembe ndizo zinazobeba uzito wa kila pigo, zikaliwa kwanza, na umbo likaelekea kwenye mviringo kama mawe ya mtoni. Jiwe linalotetemeka halijibiringishi kwa nguvu. Huegemea majirani zake kwa nyuso zake bapa sawa na linavyoegemea kwa pembe, na msasa hupita kila mahali kwa wepesi uleule, hata kwenye mabonde madogo ambayo katika pipa yasingeguswa. Pipa hula jiwe. Mtetemo hulifuta tu. Aliye na fuwele ambayo anataka kuhifadhi umbo lake, au jiwe adimu ambalo hayuko tayari kupoteza sehemu yake kubwa, ana sababu nzuri ya kuliepusha na pipa. Lakini aliye na mawe ya kuokota, yenye kingo kali na makovu mengi, akiyatia yote katika bakuli la mtetemo atapata makovu yaleyale yakiwa yameng'arishwa.

Jambo ambalo watu huliuliza mara chache, nami ndilo ningependa tulitulie, ni maji. Katika pipa, maji hutiwa mpaka yakaribie usawa wa mawe ya juu, kifuniko kikazwe, na mtu aende zake. Unga wa mawe yaliyosagika huchanganyika na maji na kuwa uji wa kijivu unaozidi kuwa mzito siku hadi siku, nao uzito huo husaidia, kwa kuwa huzibeba chembe za msasa na kulainisha mapigo. Nilipopata bakuli langu la kwanza la mtetemo nililitia maji kwa mazoea hayo ya pipa. Nilisubiri siku mbili, nikafungua, nikakuta mawe yakiwa safi kabisa na yaleyale niliyoyaweka, na msasa wote umelala chini kama mchanga wa kisima. Mtetemo hautaki maji ya kuogelea. Unataka unyevu tu, utando mwembamba wa kuufanya unga ushikamane na jiwe. Maji yakizidi, unga huoshwa na kuzama. Yakipungua, uji hukauka ukawa kama lipu, mawe yakagandana, na sauti ya mashine ikabadilika kuwa nzito na ya chini. Tena maji hupungua upesi, kwa sababu mota hutoa joto na bakuli mara nyingi huachwa wazi. Inabidi kulichungulia kila baada ya saa chache na kulinyunyizia matone kwa chupa ya kupulizia, hata kama ni siku ya mapumziko.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba mashine ya mtetemo ni ya haraka, huwa nakubali nusu. Ukihesabu siku, ni ya haraka. Ukihesabu mara ambazo mtu ameinuka kwenda kuitazama, huenda pipa likawa limeshinda kwa mbali. Msemo wa haraka haraka haina baraka ungeweza kutajwa hapa, ila ungeionea mashine hii, kwa sababu baraka ipo tele kwa anayekaa karibu nayo. Anayesafiri au kushinda kazini ndiye atakayeikosa.

Zote mbili zina adui mmoja, nayo ni chembe moja ya msasa mkubwa iliyobaki pale isipotakiwa. Niliwahi kupoteza kazi ya wiki tano kwa chembe zilizojificha katika jiwe moja lenye vishimo, ambalo nilishindwa kulitupa kwa kuwa rangi yake ilinivutia. Zilitoka katika hatua ya mwisho na kuchora mawe mengine yote. Tangu hapo jiwe lenye vishimo huliweka kando bila huruma, na nina pipa la pekee kwa ajili ya poda ya mwisho. Kati ya hatua na hatua, mawe na chombo vioshwe kwa maji mengi na brashi, kisha mawe yazungushwe au yatetemeshwe kwa saa chache katika maji yenye sabuni.

Kuna mawe ambayo pipa huyaonea. Floraiti iko kwenye 4 katika kipimo cha Mohs na hupasuka kwa urahisi; obsidiani iko kati ya 5 na 6, lakini ni kioo cha volkeno, na kila inapogongwa hudondosha kigae. Mtetemo, pamoja na vipande vidogo vya kauri vya kujaza nafasi kati ya mawe, huyatendea kwa upole zaidi. Katika mashine yoyote, mawe ya kundi moja yawe na ugumu unaokaribiana, la sivyo yaliyo magumu yatayasaga malaini.

Makelele, mikanda inayokatika, beringi zinazohitaji mafuta na boliti zinazolegea kwa mtetemo ni mambo ya kawaida ya mashine, hayo nayapita. Mambo matatu yanayohusu usalama siwezi kuyaruka. Pipa lililofungwa laweza kujaa gesi kutokana na mawe fulani, kwa hiyo lifunguliwe kila siku au mbili. Uji uliotumika usimwagwe kwenye bomba la maji machafu, kwa sababu hutuama humo na kuganda kama saruji. Na kazi yote ifanyike katika hali ya majimaji, kwani vumbi kavu la kwatzi likivutwa huharibu mapafu kwa ugonjwa wa silikosisi, usioponyeka.

Mtu akinilazimisha kumiliki mashine moja tu, nitachukua pipa bila kusita, kwa sababu lina uwezo wa kulipatia jiwe umbo na kisha kuling'arisha, ingawa kwa mwendo wa kobe. Nikiruhusiwa zote mbili, hatua ya kwanza nitaifanya katika pipa, nikiirudia mpaka nitosheke na kila jiwe, kisha nitahamishia mawe kwenye bakuli la mtetemo kuanzia msasa namba 220 au 500. Kwa njia hiyo kila mashine hufanya kile inachokijua, na wiki tatu za mwisho za pipa hugeuka siku nne au tano. Kuanza na msasa mkubwa katika bakuli kunawezekana, na wapo wanaofanya hivyo, lakini chembe nzito huelekea kuzama, kuta za bakuli huchakaa, na mwisho wa yote jiwe huwa halijapata mviringo.

Naona vile vipande viwili vimeshafika safu ya nyuma. Vimepita katika mikono mingi na sasa vina jasho, nalo jiwe lenye unyevu, hata lililotoka hatua ya kwanza jana, hung'aa na kumdanganya mtazamaji. Aliyevishika avifute kwa kitambaa, aviache vikauke kabisa, kisha aviweke chini ya taa na kutafuta taswira ya taa hiyo juu ya uso wa kila kimoja. Kipande kitakachoionyesha taa ikiwa na kingo kali kimekamilika. Kile cha mviringo, nadhani mtaona, kina sehemu moja karibu na ncha ambapo taa imefifia kidogo. Hicho kitarudi katika poda ya mwisho kesho asubuhi.