Sanduku la Bibi Litoe Picha Moja

Kamwene! Asanteni kwa kuitika, hasa ninyi mliobeba mifuko.

Nimeombwa nizungumzie kugeuza vitu vya zamani vya nyumbani kuwa sanaa. Nitafanya hivyo, ila nianze kwa kuwakera kidogo. Wengi wetu tunajificha nyuma ya sanaa ili tusitupe kitu. Kila kopo, kila kitasa kibovu, "nitakitengenezea kitu". Mwaka unapita, mlango wa stoo haufunguki. Mimi nasema sanaa iwe njia ya kuviaga vitu. Sanduku zima la bati la marehemu bibi likitoa picha moja ya ukutani, na vilivyobaki vikaenda kwa wenye kuvihitaji, hapo umefanya kazi.

Kabla ya mkasi, kikao. Vitu vya marehemu kwetu si vya mtu mmoja. Usisubiri shangazi aje msibani aikute kanga ya mama yake imekuwa mto wa kochi. Waulize wazee: ilinunuliwa lini, nani alimpa, alivaa wapi. Wanachosema kiandike, ukibandike nyuma ya fremu. Bila maandishi hayo wajukuu wataona kitambaa tu.

Tukae kwanza kwenye kanga, maana ndizo nyingi. Kanga ina pindo, ina mji, yaani ile sehemu ya kati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Ikizeeka, mara nyingi huchakaa katikati, lakini pindo na jina bado vizima. Basi jina likate lote, usilikate nusu; methali iliyokatwa inaweza kugeuka tusi. Kwanza jaribu rangi: bonyeza kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye kona, ukiona kimeshika rangi, usiloweke. Kisha shona kanga juu ya kitambaa cha marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, kwa mkono, mishono midogo. Gundi usiiguse. Inakakamaza nguo, na baada ya muda inaacha madoa. Vipande vinavyobaki wagawie ndugu, kila nyumba na chake. Ugomvi wa urithi nao unapungua, amini msiamini.

Vikapu vya milulu, yale majani ya kusukia, fahari yetu ya Iringa, vikitoboka kitako vigeuzeni vifuniko vya taa. Tundu limeshajichimba lenyewe. Wekeni balbu ya LED, isiyochemka, maana milulu mikavu inashika moto.

Sasa rangi. Siku hizi naona kila chungu kimepakwa dhahabu ya kopo. Sipendi, na nasema wazi. Chungu cha Wakisi, kutoka kule Ziwa Nyasa upande wa Matema, kimesuguliwa na kunakshiwa na mikono inayojua. Ukikipaka rangi umefuta kazi ya mwenzio. Mwaka 1942 Picasso, yule msanii Mhispania, alichukua kiti cha baiskeli na usukani wake, akaviunganisha, vikawa kichwa cha fahali. Hakuongeza pembe wala macho. Pasi ya mkaa yenye jogoo pale mbele nayo inajitosheleza: safisha kutu, paka mafuta kidogo, iweke rafuni. Kama una tatu, mbili mpelekee mnunuzi wa chuma chakavu.

Msinielewe vibaya, rangi si adui. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 na mbao za dari na rangi za baiskeli, na leo mtindo huo una jina lake. Lakini yeye alichora juu ya ubao mtupu.

Picha za zamani zina sheria moja: halisi haibandikwi. Piga nakala, ukate nakala. Na kwa baridi na ukungu wetu, Mufindi na Njombe mnajua zaidi, usitundike kitu cha karatasi kwenye ukuta unaotoka jasho. Acha nafasi ya hewa nyuma ya fremu.

Mwenye kutaka kuona mabaki yanavyoheshimiwa apite Neema Crafts, hapa hapa mjini. Tangu mwaka 2003 mafundi wenye ulemavu wanatengeneza bidhaa pale. Hata kinyesi cha tembo wanakifanya karatasi. Angalieni ukingo wa kazi zao, ndipo mtaona fundi ni nani.

Nadhani maneno yametosha. Fungueni mifuko. Kijana mwenye redio, tuanze na wewe. Ila kwanza toa betri, zile zilizovuja usizishike kwa mikono mitupu.