Ratiba Haifichi Kitu: Mhadhara kuhusu taaluma na "ziada" katika shule binafsi ya kati

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mlioketi safu ya nyuma, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumzie programu za taaluma na zile tunazoziita shughuli za ziada katika shule binafsi ya kati, yaani shule ya watoto wa miaka 11 hadi 14 hivi. Naomba nianze kwa kugombana na neno moja tu: ziada.

Ziada ni kinachobaki baada ya haja kutimizwa. Mfanyabiashara akipata ziada hufurahi, lakini akiikosa hafungi duka. Sasa angalieni tunachofanya tunapoita muziki, midahalo, karakana, roboti, uandishi wa hadithi na utafiti wa sayansi "shughuli za ziada". Tumekwisha kuamua kwamba siku ikibana, hivyo ndivyo vitakavyoondoka. Mimi hupenda neno urutubishaji. Mkulima hanunui mbolea akaiacha ndani ya gunia ukingoni mwa shamba. Huichanganya na udongo, na baada ya hapo hakuna anayeweza kumwonyesha ipi ni mbolea na upi ni udongo. Hilo ndilo ninalolitaka darasani, na saa hii nzima nitakuwa nikilizunguka.

Kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa taaluma, na kazi iliyonikosesha usingizi kuliko zote ni kupanga ratiba ya vipindi. Kipeperushi cha shule huandikwa mara moja, kwa maneno mazuri na picha za watoto wanaocheka. Ratiba ndiyo tunayoiishi kila siku. Ukitaka kujua shule inathamini nini, omba ratiba ya mtoto mmoja wa miaka 12, ya wiki nzima, kisha uhesabu dakika. Kama sanaa ina kipindi kimoja, Ijumaa mchana, na kipindi hicho ndicho kinachofutwa kila kunapokuwa na mkutano, umeshapata jibu.

Tuangalie kwanza umri wenyewe, maana ndio uliozaa shule hizi. Mwaka 1909 mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, ulifungua Indianola Junior High School, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina yake: shule iliyowatenga watoto wa umri huu na wadogo wa msingi pamoja na wakubwa wa sekondari. Wazo lilikuwa jema, lakini miaka ilivyopita shule hizo zikageuka kuwa sekondari ndogo, zenye masomo yaleyale na mbio zilezile. Mwaka 1963 mtaalamu wa mitaala William Alexander alialikwa kuzungumzia shule hizo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Alitumia nafasi hiyo kupendekeza shule mpya, ya katikati, inayoanza na mtoto mwenyewe alivyo badala ya sekondari inayomsubiri mbele.

Na yukoje mtoto huyo? Mwili wake unabadilika kila mwezi. Marafiki wamekuwa mahakama yake. Mwaka 1999 watafiti waliopiga picha za ubongo wa watoto walewale kwa miaka kadhaa walionyesha kwamba ile sehemu ya mbele, inayohusika na kupanga na kujizuia, huongezeka tishu zake hadi miaka 11 au 12, kisha huanza kupogolewa. Mimi si daktari, sitaki kujenga mtaala mzima juu ya picha za ubongo, na ninawasihi msimwamini anayefanya hivyo. Lakini nitasema kile ambacho mwalimu yeyote wa umri huu amekiona kwa macho yake: huu ndio wakati mtoto anajiambia "mimi ni mtu wa hesabu" au "mimi si mtu wa hesabu", na kauli hiyo akishaijenga, sekondari huikuta imekauka kama saruji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, tulikuwa na kijana wa miaka 12 aliyekuwa nyuma sana katika hesabu. Hesabu za sehemu zilimshinda kabisa. Tukafanya kile ambacho shule nyingi hufanya kwa nia njema. Tulimtoa kwenye kipindi cha karakana, alikokuwa akijifunza useremala, tukampeleka kwenye masomo rekebishi. Ratiba ilikaa vizuri, na mimi ndiye niliyeipanga. Baada ya wiki chache akaanza kuchelewa asubuhi. Halafu akaanza kuumwa tumbo siku za hesabu. Mama yake akaja kuniambia sentensi ambayo sijaisahau: "Mwalimu, mmemnyima saa pekee aliyokuwa anaijua."

Nilikwenda karakana kumuuliza fundi wetu kijana alikuwa akifanya nini pale. Akanitolea fremu ya dirisha dogo. Pembe zake zilikuwa zimekatwa kwa usahihi wa milimita. Kijana aliyeshindwa kujumlisha nusu na robo ubaoni alikuwa akigawa ubao wa sentimita 90 katika vipande sawa, akipunguza na unene wa msumeno. Hesabu alikuwa nayo. Sisi ndio tuliomtoa mahali alipokuwa nayo, tukampeleka chumba cha pembeni kukaa na karatasi za mazoezi alizokwisha kuzichukia. Tulimrudisha karakana, na mwalimu wa hesabu akaomba kukaa naye huko kipindi kimoja kwa wiki, rula mkononi. Sitawaambia kwamba aliongoza darasa, maana hakuongoza. Alifaulu, akaacha kuumwa tumbo.

Nimesimulia hili kwa sababu si la kijana mmoja. Tazameni ratiba popote mtaona mtindo uleule: mtoto anayefanya vizuri huongezewa klabu, maonyesho, mashindano, safari za mafunzo. Mtoto aliye nyuma huongezewa kilekile kilichomshinda, tena kwa sauti ya juu zaidi, na hulipa kwa kupoteza kilichokuwa kikimleta shuleni. Tunawarutubisha walioshiba. Na shule binafsi ina kishawishi chake zaidi, kwa sababu kinachopangwa baada ya kengele ya mwisho mara nyingi hulipiwa kando. Kwa hiyo ndani ya shule moja, kwenye sare moja, huwa kuna shule mbili.

Kuna mtu aliyenisaidia kufikiri juu ya jambo hili, Joseph Renzulli wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Alikuwa akishughulika na watoto wenye vipawa, lakini mpango alioutoa mwaka 1977 unawafaa watoto wote. Aliugawa urutubishaji katika aina tatu. Ya kwanza ni kumfungulia mtoto milango: aonje mambo asiyoyajua, amsikie mjenzi wa madaraja, amwone mtu anayetafsiri lugha ya ishara. Ya pili ni kumfundisha mbinu: namna ya kuhoji mtu, kuandika data, kubishana kwa hoja, kutafuta kosa katika kazi yake mwenyewe. Ya tatu ni mtoto kushika swali lake halisi, ambalo jibu lake haliko nyuma ya kitabu, akalifanyia kazi na kuwapelekea matokeo watu wanaoyahitaji.

Shule nyingi huishia aina ya kwanza. Orodha ya klabu 20, mtoto anaonja hiki muhula huu na kile muhula ujao, na picha zinapendeza. Kuonja ni kuzuri katika umri huu, sitaki mnielewe vibaya. Mtoto wa miaka 11 anayelazimishwa kuchagua kipaji kimoja anadhulumiwa. Lakini akimaliza miaka mitatu hajawahi kuzama katika jambo lolote hadi likamsumbua, amezungushwa sokoni bila kununua kitu.

Wale wenzangu wanaohofu kwamba kuzama huku kutakula muda wa silabasi, nawakumbusha jambo la zamani sana. Mwaka 1896 John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule ndogo ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago. Watoto walipewa pamba mbichi na sufu, wakaambiwa watoe nyuzi kwa mikono yao. Kundi moja lilichambua pamba kwa dakika 30, likapata chini ya gramu 30. Wakaelewa wenyewe kwa nini watu wa kale huko walivaa sufu kabla ya pamba. Wakapima: uzi wa sufu ni mrefu mara kadhaa kuliko wa pamba, na una uso wa kukwaruza unaoshikana unaposokotwa. Kutoka hapo wakaingia historia ya mashine za kusokota, jiografia ya mashamba, fizikia ya msuguano. Niambieni, hapo taaluma ni ipi na ziada ni ipi? Jambo lolote lililoanzia kwenye vidole vyao lilikuwa na silabasi ndani yake.

Nisije nikaeleweka kwamba nadharau masomo ya msingi. Nayapenda mno, na naona tunayafundisha vibaya kwa haraka. Mtoto wa umri huu anapaswa kutoka akisoma kurasa nyingi bila kuchoka, akiandika aya inayosimama, akijua uwiano na mwanzo wa aljebra kwa namna ambayo haimtishi. Na yapo mambo tunayoyajua kuhusu kukumbuka ambayo bado hayajafika madarasani. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo. Waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamefunga kitabu na kujaribu kukumbuka wenyewe ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo maswali matatu mafupi mwanzoni mwa kipindi, bila alama, juu ya somo la wiki iliyopita, yana faida kuliko daftari lililopigwa mistari ya rangi. Hayagharimu chochote, na hayahitaji jengo jipya.

Kuhusu mitaala ya kimataifa nitapita upesi, kwa kuwa wazazi huuliza. Programu ya Miaka ya Kati ya International Baccalaureate, iliyoanza 1994 kwa watoto wa miaka 11 hadi 16, ina jambo moja ninalolisifu: sanaa, ubunifu na elimu ya mwili ni makundi ya masomo yenye hadhi sawa na hesabu, katika makundi manane, kila moja likitengewa angalau saa 50 za kufundishwa kwa mwaka. Huo ni uamuzi wa ratiba. Shule yoyote inaweza kuufanya bila kununua jina la mtaala wowote.

Kitu kingine kinachoibiwa na ratiba ni usingizi. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani, American Academy of Sleep Medicine, kilishauri saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Miaka miwili kabla yake madaktari wa watoto wa nchi hiyo walikuwa wameshauri shule za kati na za sekondari zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi. Sasa chukueni siku ya mtoto: masomo, tuisheni, klabu, safari ya kurudi, kazi za nyumbani za masomo matano ambazo walimu watano walizitoa bila kuulizana. Jumlisheni. Nimefanya hesabu hiyo na walimu wangu ubaoni, tukanyamaza wote. Tangu siku hiyo tuna ubao mmoja chumba cha walimu ambapo kila anayetoa kazi ya nyumbani huandika dakika zake, na jumla ikijaa, wa mwisho husubiri kesho.

Wazazi, mkitembelea shule mtaonyeshwa maabara na vikombe vya ushindi. Vitazameni kwa heshima, watu wamevitolea jasho. Kisha ombeni mambo mawili. La kwanza, ratiba ya mtoto aliye nyuma kimasomo, jina lake likiwa limefichwa, mwone amenyang'anywa nini ili asaidiwe. La pili, ombeni kuona kitu kimoja kilichofanywa na mtoto wa kawaida wa miaka 13 kwa zaidi ya wiki sita. Ulizeni alikifanya kwa ajili ya nani, na alikosea wapi kabla hakijakaa sawa. Mwalimu anayeijua kazi hiyo atawaeleza makosa kwanza, na uso wake utachangamka.

Walimu wenzangu, kwetu ombi ni gumu kidogo. Muhula ujao kabla ya kumtoa mtoto yeyote kwenye kipindi anachokipenda, tumfuate kwanza huko tukakae naye saa moja. Mimi nilikwenda nikiwa nimechelewa.

Ile fremu ya dirisha ninayo hadi leo, fundi alinipa. Nimekuja nayo, iko hapo mezani karibu na mlango, mnaweza kuishika mkitoka. Naona mikono imeshanyooshwa, tuanze na dada aliye safu ya tatu.