Mtungi Umejaa, Barakoa Je?

(Mhadhara kwa vikosi vya zimamoto vya viwandani, Mbeya)

Marahaba, ahsanteni, kaeni. Nani kaandika pale ubaoni "Mitungi ya Oksijeni"? Futa. Neno hilo nalifuta tangu nikiwa koplo. Mle ndani ya mitungi tunayobeba mgongoni kuingia kwenye moshi mna hewa, hii hii ya Uyole mnayoivuta bure, imechujwa, imekaushwa, imeshindiliwa. Oksijeni ni ya wodini. Ukiipeleka kwenye moto, umekwenda kuuchochea.

Haya. Najua mnavyokagua vifaa vyenu. Asubuhi unachungulia geji, mshale uko 300, unatia tiki kwenye rejista, unakwenda chai. Baa 300, kipimo cha mgandamizo wa hewa, na mnaocheka huko nyuma, sizungumzii zile za Mwanjelwa. Geji inakupa habari za mtungi tu. Habari za raba ya barakoa inayokubana usoni haina.

Walionisikia Makambako wanivumilie, kisa ni kilekile. Ghala la mpunga, upande wa Mbarali. Moto wa pumba mnaujua: hauna mwali, unafukuta ndani kwa ndani, unadhani umezima kumbe umeulaza. Nikavaa, nikaingia na mwenzangu. Mtungi wa lita 6, baa 300, piga hesabu, lita 1,800. Kwa kazi ya wastani mtu anatumia lita 40 kwa dakika, kwa hiyo dakika 45 za kwenye karatasi. Panda magunia huku unakokota mpira uliojaa maji, unatumia 80, na zile 45 zimekatika nusu.

Hatujafika mbali nasikia ssss chini ya kidevu. Nikajisemea ni kawaida, si barakoa hizi zinasukuma hewa kwa nje ili moshi usipenye? Zinasukuma, ndiyo. Lakini ikikushika vizuri usoni, ukibana pumzi inanyamaza. Nikabana pumzi. Ssss. Nikatazama geji: 190. Ya mwenzangu 260. Tulikuwa tumekaa ndani dakika nne!

Nikamgonga begani, tukageuka. Filimbi ikaanza kulia kabla sijauona mlango. Filimbi hulia mtungi ukibaki na baa 55 hivi. Kwa mtu anayepumua kwa utulivu hizo ni dakika nane. Kwa barakoa ile zilikuwa mbili.

Nje nikaifungua. Kwenye vali ya kutolea pumzi kuna kile kiduara cha raba, chembamba kama ganda la kitunguu. Ukingoni mwake limelala kapi moja la mpunga. Moja! Raba haifungi, hewa inapita tu kama maji ya bomba lililokatika. Na barakoa ile aliitundika nani? Mimi. Wiki moja nyuma, ghala lilelile, niliivua nikaiweka juu ya magunia, nikarudi kituoni nikaitundika ilivyo, nikaandika "safi" kwa mwandiko wangu mzuri.

Sasa nawasikia: mzee, kwetu bajeti hakuna. Bajeti ya nini? Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, kitambaa, na kuisuuza mpaka povu liishe. Ianike kivulini. Najua Julai ya huku, kitu hakikauki, ndiyo maana mtu anaiweka juu ya boneti au kando ya jiko la mkaa. Raba inakakamaa, ukingo unajikunja kama chapati iliyolala. Halafu anatokea fundi hodari anaipaka grisi ya beringi ili ilainike! Grisi ya gari inaharibu raba. Kama mtengenezaji kaelekeza ya silikoni, paka hiyo, tena kiduchu.

Kisha pima. Barakoa ikiwa bado hujaivaa, fungua mtungi, ufunge, tazama geji dakika moja nzima kwa saa, siyo kwa kukisia. Ikishuka zaidi ya baa 10, kuna mahali panavuja, kifaa hicho hakiingii kwenye gari. Ikisimama, toa hewa taratibu usikie filimbi inalia kwenye ngapi. Fungua tena mtungi, vaa, bana pumzi, sikiliza. Mwenye dharau atasema anachelewa. Unachelewa wapi? Moto haujawaka, uko kwenye zamu unacheza drafti.

Ndevu. Najua swali linakuja, na dini ya mtu siigusi. Raba haishiki kwenye nywele, basi. Mwenye ndevu akae kwenye pampu, nako kazi ipo.

Kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi, nilitaka kuipa saa nzima, lakini mwenyekiti ananionyesha mkono. Haraka basi: mdomo wake wa kuvuta hewa usielekee ekzosi. Monoksidi ya kaboni haina harufu. Ukijaza mtungi huku lori linanguruma kando, unamjazia mwenzako sumu ya kwenda kuvuta. Machujio yabadilishwe kwa saa za kazi zilizoandikwa. Mitungi kupimwa kwa maji, tarehe iliyogongwa, hayo tutayaacha, someni wenyewe kwenye vitabu vya vifaa vyenu.

Chai ipo, nimeiona. Kabla ya chai, kila aliyekuja na barakoa aifungue vali ya kutolea pumzi hapa mezani, tochi ninayo. Wewe uliyetoka Mafinga, anza. Usipulize kwa mdomo, lete hapa kwenye mwanga.

Ehee. Maranda.