Kadi za PlayStation kutoka ng'ambo ya Kasumbalesa: soma nchi ya akaunti kwanza

Jambo yenu watazamaji. Video hii ni ya mtu wa Lubumbashi mwenye PlayStation nyumbani, ile mashine ya michezo ya video, aliyesikia kwamba ukivuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, kadi zenye kode ya kuweka pesa kwenye akaunti ya michezo ni bei nafuu. Wakati mwingine ni kweli. Ila kadi haiulizi umeinunua wapi, wala unalala wapi. Inauliza akaunti yako iliandikishwa nchi gani.

Basi tunaanzia nyumbani, kabla ya kupanda gari. Washa konsoli, yaani mashine yenyewe, fungua duka la PlayStation, chagua mchezo wowote wa kulipia, utazame alama iliyo kando ya bei. Ukiona herufi R, hiyo ni randi, akaunti ya Afrika Kusini. Ukiona dola, usikimbilie kusema ni Marekani: akaunti za Saudia na za Falme za Kiarabu nazo zinaonyesha dola, na kadi ya Marekani haiingii humo. Euro ndiyo inayoumiza watu wetu zaidi. Ndugu aliye Ubelgiji anatuma kadi kwa moyo mweupe, kumbe akaunti ya huku iliandikishwa Ufaransa. Inakataliwa. Kwa hiyo usiishie kwenye alama. Ingia tovuti ya PlayStation kwa simu, fungua maelezo ya akaunti, soma jina la nchi, liandike kwenye karatasi. Nchi hiyo haibadilishwi tena baada ya akaunti kufunguliwa.

Kongo haimo katika orodha ya nchi zenye duka la PlayStation. Zambia pia haimo. Ndiyo sababu hutakuta kadi ya PlayStation ya kwacha: atakachokuuzia mtu wa Chililabombwe au Kitwe ni kadi ya nchi nyingine, na ni juu yako kujua ni ipi. Imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kadi. Muuzaji akikuambia kadi ni ya dunia nzima, mshukuru uende duka lingine.

Sasa hesabu, na hapa twende polepole. Chukua randi za kadi, uzigawanye kwa dola unazodaiwa. Tuseme kadi ya randi 500 inauzwa dola 36. 500 kwa 36 ni 13.9, yaani kila dola yako inanunua randi 13.9. Kama siku hiyo dola moja sokoni ni randi 18, kadi hiyo thamani yake ni kama dola 28 tu. Dola 8 zilizobaki ni za muuzaji. Mchezo wa randi 1,080, ambao kwa bei ya soko ungekuwa dola 60, kwa kadi hizo utakula karibu dola 78. Kama mchezo huohuo ni dola 70 katika duka la Marekani, umevuka mpaka kwenda kununua ghali. Badilisha namba hizi kwa zile za siku yako. Halafu ongeza nauli ya kwenda na kurudi, na kile kinachopotea kwa wabadilishaji pesa pale mpakani ukitoka dola kwenda kwacha. Kwa kadi moja, safari hailipi. Inaanza kulipa mkijiunga marafiki kadhaa mkamtuma mmoja, au mtu akiwa anaenda huko kwa biashara yake.

Anayekwenda abebe pasipoti au lesepase (kibali cha kuvuka mpaka) na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na kabla ya kutoka Lubumbashi aingie kwenye akaunti yake ya PlayStation kwa simu kabisa. Ukijaribu kuingia ukiwa ng'ambo, mfumo unaweza kutuma namba ya uhakiki kwa ujumbe kwenye laini ya Kongo, na laini hiyo pengine haishiki mtandao huko.

Dukani, shika kadi, geuza, pitisha kidole juu ya ukanda wa kukwangua. Ukiwa umevimba pembeni au una gundi, iache. Lipa kwa kashia, udai risiti, kwa sababu kadi nyingi za kutundikwa hazina pesa ndani mpaka kashia azipitishe kwenye mashine. Kadi iliyochukuliwa ukutani bila kupitishwa ni plastiki tu. Kisha kwangua taratibu kwa kucha, si kwa funguo, ukaingize kode palepale mbele ya muuzaji. Kode ya PlayStation ina herufi na namba 12, katika mafungu matatu ya nne. Ikikataa, angalia kwanza kama hukuchanganya B na 8, au S na 5. Usijaribu mara nyingi mfululizo, utafungiwa kwa muda.

Kode ya picha kwenye WhatsApp tunawaomba muiache kabisa. Aliyepiga picha anaweza kuwauzia watu watano, na wa kwanza kuiingiza ndiye mwenye pesa.

Kama kadi ni nzima ila nchi ni tofauti, usiitupe. Kode iliyokataliwa kwa sababu ya nchi haijatumika. Inaingia kwenye akaunti ya nchi yake, hata ya rafiki anayeweza kukurudishia pesa. Mchezo ulionunuliwa na akaunti nyingine kwenye konsoli yako unaweza kuucheza na akaunti yako pia, mradi konsoli imewekwa kuwa ya msingi kwa akaunti iliyonunua. Pointi zinazonunuliwa ndani ya michezo ya mpira hazifuati njia hiyo: zinabaki kwa akaunti iliyozinunua.

Maduka mengine ya mtandaoni, kwa ufupi. Xbox inakubali kubadilisha nchi ya akaunti mara moja kila miezi 3, lakini salio la zamani halikufuati. Google Play ni mara moja kwa mwaka. Apple inataka umalize salio kwanza. Steam, duka la michezo ya kompyuta, ni mpole zaidi: kadi nyingi za sarafu nyingine inazigeuza kuwa sarafu ya akaunti yako.

La mwisho ni kwa wenye diski. Ukitaka kununua nyongeza za mchezo, ziwe za eneo moja na diski. Tazama pembe ya jalada: alama ya umri wa mchezaji ikiwa PEGI, ni diski ya Ulaya; ikiwa ESRB, ni ya Marekani. Diski ya ESRB na akaunti ya randi hazitaelewana. Nyongeza utalipia, itashuka, na mchezo hautaiona.