Ubahili Uliohama: Kuisikiliza Upya Albamu ya Pili ya Wire

Ndugu wasikilizaji, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze nanyi hapa Iringa kuhusu muziki wa panki wa Uingereza, yaani ile roki ya kasi na ukali, nami nimechagua albamu ambayo wapenzi wengi wa muziki huo huigusa juu juu, kisha wakairejea ile iliyoitangulia. Inaitwa Chairs Missing, nayo ni ya bendi ya Wire ya London, iliyoitoa mwaka 1978. Albamu yao ya kwanza, Pink Flag, ilikuwa imetoka mwishoni mwa mwaka 1977 ikiwa na nyimbo 21 katika dakika 35 hivi, na mmojawapo haufikishi hata nusu dakika. Kanuni yao ilikuwa kwamba maneno yakiisha, wimbo nao umekwisha. Msikilizaji wa leo huielewa albamu hiyo papo hapo, kwa sababu haimpi nafasi ya kutoielewa.

Lakini ukishaupunguza wimbo kiasi hicho, unabakiwa na nini cha kupunguza? Albamu ya pili ina nyimbo 15 tu katika dakika zipatazo 42. Mtayarishaji ni yule yule, Mike Thorne, ila safari hii anapiga pia kinanda na sinthesaiza, chombo kinachounda sauti kwa umeme, na magitaa ya Colin Newman na Bruce Gilbert yamepitishwa kwenye vifaa vya kubadili sauti hata pengine hayatambulikani kuwa ni magitaa. Kwa aliyeamini kwamba panki ni gitaa kavu na hasira, hayo yalitosha kumfanya aone kwamba bendi imeasi. Leo sinthesaiza imo katika kila wimbo wa Bongo Fleva, haimshtui mtu, na kwa kuwa mshtuko huo umetoweka tunaweza kusikia kilichokuwa chini yake: ule ubahili wa albamu ya kwanza haukuachwa, bali ulihama kutoka kwenye urefu wa wimbo ukaingia kwenye upigaji wenyewe.

Chukueni wimbo uitwao Heartbeat. Unaanza kwa sauti ya chini, mwimbaji akikaribia kunong'ona. Ngoma za Robert Gotobed zinadunda bila pambo lolote, vyombo vinaongezeka kidogo kidogo, nasi tunangoja mlipuko ambao bendi yoyote ya panki ingetupatia. Wire wanatunyima. Kunyimwa huko ndiko kunakomchosha msikilizaji wa kwanza, na ndiko kunakomrudisha baada ya miaka.

Wimbo ninaoupenda zaidi ni Outdoor Miner. Graham Lewis, mpiga besi, aliyatunga maneno yake kumhusu buu anayeishi ndani ya jani, akila katikati ya ngozi yake ya juu na ya chini. Wakulima wa nyanya wa kule Ilula hawahitaji kuelezwa habari hiyo: kantangaze wanayemjua wao ni kiwavi wa nondo, na huyu wa Wire ni wa jamii ya nzi, lakini wote wawili hulila jani kwa ndani. Mdudu huyo mharibifu amepewa lahani tamu kuliko zote katika albamu, kiasi kwamba mtu anaweza kuuimba wimbo huo kwa miaka kadhaa bila kujua anamwimbia nani. Kwenye albamu hauzidi dakika mbili. Ulipotolewa peke yake mwaka 1979 ulirefushwa kwa kipande cha piano alichokipiga Thorne, ukaishia nafasi ya 51 katika chati ya Uingereza. Mimi naona ule mfupi ni bora.

Si kila kitu humu kimezeeka vizuri. Mercy, unaokaribia dakika sita, unajenga kishindo kizito ambacho bendi nyingine za wakati ule zingeweza kukijenga, na hapo ubahili ninaousifu unalegea. Hata hivyo, nawashauri msiuruke, kwa sababu unaofuata, Outdoor Miner, unasikika mwepesi zaidi baada ya uzito huo. Basi tuanze na Mercy, kisha tuache sahani iendelee yenyewe.