Kabla ya Kuagiza Shafti, Pima Roli

Ndugu zangu mafundi wa Mafinga, nanyi mliotoka Mgololo na Mbeya, karibuni. Leo ni habari ya shafti (mhimili unaopita katikati ya roli) na chaki (vishikio viwili vinavyolishika roli kwenye ncha zake), kwenye mashine za kuviringisha karatasi. Nawaomba jambo moja: anzeni na roli lenyewe, katalogi ya muuzaji ije baadaye.

Chukua roli la karatasi ya kahawia, kipenyo mita 1, upana mita 1. Kama karatasi ina kilo 750 kwa mita ya ujazo, roli hilo lina karibu kilo 585. Katikati yake kuna bomba la boksi lenye tundu la milimita 76. Tuseme karatasi inavutwa kwa nyutoni 300. Roli likiwa limejaa, mvuto huo uko milimita 500 kutoka katikati, lakini shafti inalishika bomba milimita 38 tu kutoka hapo hapo. Kwa hiyo kule ndani nguvu inafika karibu nyutoni 4,000! Hapo ndipo meno ya shafti yanayouma bomba huteleza, na fundi anahangaika kukaza breki ya roli. Ukikuta unga wa kahawia umedondoka chini ya beringi, na ndani ya bomba pamesuguliwa mpaka panang'aa, achana na breki. Shafti haishiki.

Hiyo ni mashine ikienda vizuri. Sasa mtu abonyeze kitufe cha dharura mashine ikiwa mita 300 kwa dakika, roli litakiwe kusimama ndani ya sekunde 2. Kulisimamisha tu kunadai nguvu ya kuzungusha ya nyutonimita 366 hivi (nyutoni mara mita kutoka katikati), juu ya zile 150 za mvuto wa kawaida, yaani nyutoni 300 mara nusu mita, na zote zinapita kwenye shafti. Wengi huagiza kwa hesabu ya zile 150. Mimi sikubaliani kabisa, maana siku ya dharura ndiyo siku ambayo kuna mwenzetu karibu na mashine.

Shafti ya upepo, ile inayojazwa hewa ili meno yake yatokeze, inauma vizuri bomba nene. Bomba jembamba linataka mabapa marefu yanayosambaza shinikizo, la sivyo meno yatalitoboa. Na kwa ukungu wa Mufindi, mabomba yakilala kwenye ghala lisilofungwa hulainika, ndiyo maana huku kwetu napendelea mabapa.

Chaki huingia kila upande bila shafti kupita katikati. Zinaokoa migongo ya vijana, na kwa roli pana na zito nazipenda. Lakini uzito wote unakaa kwenye ncha mbili za bomba, sentimita chache kila upande, na bomba dhaifu litapasuka. Mkikata roli kuwa vipande kadhaa vinavyoviringishwa pamoja, hapo ni shafti tu.

Shafti ndefu hupinda. Kwa uzito ule ule, urefu ukizidi mara 2, inapinda mara 8. Kipenyo kikizidi mara 2, ugumu unapanda mara 16. Ndiyo sababu roli pana huhamia kwenye bomba lenye tundu la milimita 152, ili shafti nene ipite.

Upepo wa bar 6 hivi unatosha shafti nyingi, ila mwageni maji ya kompresa kila asubuhi, hasa msimu huu wa baridi. Yakiingia ndani, valvu inashika kutu na meno yanagoma kurudi.

Sasa chukueni kalipa, kile kifaa cha kupimia upana wa tundu, twende ghalani. Tutapima mabomba ya mizigo tofauti, ncha zote mbili, na tundu dogo kuliko yote ndilo litakalotuambia shafti iwe nene kiasi gani kabla ya kujazwa upepo.